Kwizi Imetoa Alama za Ajabu: Tuanzie Wapi Kuchunguza?

Hotuba kwa wahadhiri na wakufunzi wa chuo, siku ya mafunzo ya ndani kuhusu kwizi za mtandaoni

Naibu Mkuu wa Chuo, Taaluma. Wakuu wa idara. Wahadhiri na wakufunzi wenzangu. Ndugu zetu wa kitengo cha TEHAMA. Wawakilishi wa serikali ya wanafunzi mlioitikia mwaliko wetu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki nyingine naomba ihesabike imezingatiwa.

Niende moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta. Kila kwizi kubwa ikifungwa, ujumbe wa aina tatu huanza kuzunguka. Mwanafunzi anaandika: "Mwalimu, nimepata tatu kati ya kumi na nina uhakika nilijibu vizuri." Mwalimu anawaambia wenzake: "Swali la saba darasa zima limefeli, vijana hawa hawasomi." Na mwingine, akiwa amechoka na yote hayo, anasema mfumo umeharibika. Mwanafunzi muongo, darasa vivu, mfumo mbovu. Hizo zote ni hukumu, na mara nyingi tunazitoa kabla hatujasoma ushahidi, ilhali ushahidi upo, umehifadhiwa dakika kwa dakika, na kila mwalimu mwenye kozi anaweza kuufungua akiwa amekaa ofisini kwake.

Nina rai moja tu leo, na mengine yote nitakayosema yanaitumikia hiyo. Alama inapotushangaza, tuanze kwa kusoma kumbukumbu ya jaribio la mwanafunzi husika. Na kosa likipatikana upande wetu, tulisahihishe kwa darasa zima, siyo kwa yule tu aliyepata ujasiri wa kugonga mlango wetu.

Mfumo tunaotumia kufundishia na kutoa kwizi mtandaoni ni Moodle, ule ule unaotumiwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na vyuo vingine vingi katika ukanda wetu. Mwanzilishi wake ni Martin Dougiamas, kule Perth, Australia, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Ni programu huria. Msimbo wake uko wazi, na anayejua kuusoma anaweza kuona alama inakokotolewa vipi, hatua kwa hatua. Nalitaja hili kwa sababu nasikia watu wakiuzungumzia mfumo kana kwamba una kinyongo na baadhi ya wanafunzi. Unafanya ulichoagizwa. Shida ni kwamba wengi wetu hatukumbuki kuwa tuliagiza. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wengi tuliingia humu kwa kukimbizwa. Tulipewa nywila, tukaonyeshwa namna ya kupakia nukuu, basi. Kwizi tulijifunza kila mtu kivyake. Ndiyo maana mipangilio ya kwizi zetu nyingi ni ile iliyokuja na mfumo, haijachaguliwa na mtu yeyote.

Sasa, hiyo kumbukumbu iko wapi? Fungua matokeo ya kwizi, bonyeza jaribio la mwanafunzi anayelalamika, shuka mpaka kwenye swali lake. Chini ya swali kuna jedwali dogo la historia ya majibu. Lina safu za hatua, muda, kitendo, hali na alama. Mstari wa kwanza unaeleza jaribio lilianza lini. Mistari ya katikati inaonyesha kila jibu lililohifadhiwa, kwa herufi zile zile alizoandika mwanafunzi. Wa mwisho unaeleza jaribio lilikamilika saa ngapi na alama gani ilitoka.

Nichukue mfano wa kozi ya Kiswahili. Swali lilimtaka mwanafunzi aandike wingi wa neno "ukuta". Binti mmoja akapewa sifuri, akalalamika. Ukifungua historia yake unakuta: 10:04, imehifadhiwa, "Kuta". 10:31, jaribio limekamilika, si sahihi, 0.00. Ameandika kuta, tena kwa usahihi kabisa, ila kwa K kubwa, kwa sababu simu yake huanza kila sentensi kwa herufi kubwa bila kuombwa. Mtunga swali alikuwa amewasha chaguo linaloutaka mfumo utofautishe herufi kubwa na ndogo. Waliojibu kwa kompyuta za maabara walipata. Waliojibu kwa simu janja, ambao ni wale wasio na kompyuta nyumbani, wakakosa. Naomba tulitafakari hilo kwa sekunde moja. Kwizi ya ngeli na wingi ilikuwa inapima nani ana kompyuta.

Maswali ya jibu fupi ndiyo yenye mitego mingi kuliko aina nyingine zote, na lugha yetu imeuongeza mmoja ambao vitabu vya mwongozo havitautaja. Ni ile ng' yenye kibainishi. Swali linasema: kamilisha methali, "_____ wa maskini hazai". Jibu ni ng'ombe. Mwalimu aliandaa maswali yake kwenye Word, akayabandika kwenye mfumo. Word, kwa tabia yake, hukipinda kibainishi, kikawa kama koma ndogo iliyoning'inia juu. Mwanafunzi wa maabara akibonyeza kibainishi kwenye kibodi, kinatoka kimenyooka. Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa mfumo ni herufi mbili tofauti kabisa, kama vile a na e. Matokeo yake, waliokuwa na simu zinazopinda kibainishi zenyewe wakapata, chumba kizima cha maabara kikakosa. Na mwalimu, kwa haki kabisa, akaanza kujiuliza kama wale wa simu walipeana majibu.

Dawa yake ni nyepesi. Katika swali la jibu fupi unaruhusiwa kuweka majibu mengi yanayokubalika. Weka ng'ombe ya kibainishi kilichonyooka, weka na ya kilichopinda, zote asilimia 100. Ukipenda, weka "ngombe" bila kibainishi asilimia 50 na maelezo mafupi ya kumkumbusha mwanafunzi tahajia. Au tumia alama ya nyota mahali pa kibainishi, kwa sababu nyota humaanisha herufi zozote, hata kama hakuna herufi. Lakini hapo kuna jambo la kuangalia sana, na naomba mliandike: mfumo husoma majibu yako kutoka juu kwenda chini, na huishia kwenye la kwanza linalolingana. Ukiweka jibu lenye nyota la asilimia 50 juu, na jibu kamili la asilimia 100 chini yake, hakuna mwanafunzi atakayelifikia lile la chini. Wote watapata nusu. Na ukiweka nyota peke yake juu kabisa, ukidhani unaandaa maoni kwa watakaokosa, kila atakachoandika mwanafunzi kitaangukia hapo, liwe sahihi au lisiwe. Nyota ya peke yake mahali pake ni chini kabisa.

Nyota nayo isitumike ovyo. Nimeona swali la makao makuu ya nchi lenye jibu la Dodoma lililozungushiwa nyota kila upande, ili kumkubali anayeandika "Jiji la Dodoma". Nia njema. Ila swali hilo litamkubali pia anayeandika "si Dodoma".

Maswali ya hesabu yana mtego mmoja mkubwa, nao ni kosa linalovumilika. Ukiuambia mfumo jibu ni 9.81 na uvumilivu ni sifuri, anayeandika 9.8 amekosa. Theluthi moja aliyoiandika mwanafunzi kama 0.33 si sawa na 0.333 uliyoiweka wewe. Amua kabla ya kwizi ni tarakimu ngapi baada ya nukta unazitaka, uzitaje ndani ya swali, halafu uweke uvumilivu unaolingana.

Nije kwenye maswali ya kuchagua, ambayo ndiyo mengi. Kuna waalimu tunaopenda chaguo la mwisho liseme "A na B zote ni sahihi". Kwenye karatasi lilikuwa halina shida. Kwenye mfumo, chaguzi huchanganywa upya kwa kila mwanafunzi, na hilo ndilo linalokuja limewashwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuliona chaguo hilo likiwa juu kabisa, lenyewe likiwa ndilo A. Hawezi kulijibu kwa akili timamu. Ama zima kuchanganya kwa swali hilo, ama, na hili ndilo ninalolipendelea, andika swali ambalo halihitaji chaguo la namna hiyo.

Halafu kuna swali lenye majibu sahihi zaidi ya moja. Hapa ndipo alama hupanda kwa ajabu badala ya kushuka, na alama inapopanda hakuna anayelalamika, kwa hiyo hatugundui. Tuseme chaguzi ni nne, mbili ni sahihi, kila moja umeipa asilimia 50, na zile mbili zisizo sahihi umeziacha kwenye sifuri. Mwanafunzi asiyejua chochote anaweka tiki zote nne. Anapata 50 na 50, jumla 100. Amepata alama zote bila kusoma. Ukizipa zile mbaya hasi 50 kila moja, anayeweka tiki zote anaishia sifuri. Ukizipa hasi 100, yule aliyezijua zote mbili akateleza kwenye moja naye anapoteza kila kitu, na huo kwangu ni ukali usio na sababu. Hasi 50 inatosha katika mfano huu. Mfumo wenyewe haushushi alama ya swali kama hilo chini ya sifuri, kwa hiyo msiogope kwamba mwanafunzi atadaiwa alama za maswali mengine.

Sasa yale malalamiko mazito zaidi, ya "nilijibu yote na sina alama". Hapa msiende kwenye maswali, nendeni kwenye hali ya jaribio. Linaweza kuwa linaendelea, limepitiliza muda, limekamilika, au halikuwasilishwa kamwe. Kwenye mipangilio ya muda kuna swali mwalimu anaulizwa: muda ukiisha, ifanyike nini? Chaguo la kawaida ni majaribio yaliyo wazi kuwasilishwa yenyewe. Lipo jingine linalosema jaribio lisilowasilishwa kabla ya muda halihesabiwi. Aliyechagua hilo la pili anaweza kuwa na mwanafunzi aliyejibu maswali 30 kati ya 30, bando likakata dakika ya mwisho kabla hajabonyeza kitufe cha kuwasilisha vyote na kumaliza. Majibu yake yote 30 yapo kwenye mfumo, unayaona, na alama haipo. Mwalimu anaona mstari mtupu na kusema huyu hakufanya kwizi. Alifanya. Kumbukumbu inaonyesha.

Hata ukichagua majaribio yawasilishwe yenyewe, kuna jambo la nyuma ya pazia. Mwanafunzi akiwa amefungua ukurasa, saa inayohesabu kwenye kivinjari chake ndiyo inayowasilisha. Akiwa amefunga kivinjari au simu imezima, kazi hiyo hufanywa na programu ya ratiba inayopaswa kujiendesha kwenye seva kila dakika. Ikisimama, majaribio hayo hubaki yakisomeka "yanaendelea" saa nyingi baada ya kwizi kufungwa. Mkiona wanafunzi kadhaa wamekwama namna hiyo kwa wakati mmoja, hapo ndipo pa kuwapigia TEHAMA, na muwaulize hilo hasa. Ukiwaambia mfumo haufanyi kazi, hujawaambia kitu.

Wanafunzi nao wanapaswa kujua majibu yao yanahifadhiwa lini. Yanahifadhiwa wanapogeuza ukurasa, na pia mfumo huyahifadhi wenyewe kila baada ya muda mfupi, mradi mtandao upo. Kwa hiyo kwizi yenye maswali 40 kwenye ukurasa mmoja, kwa mtandao wetu, ni hatari tunayoitengeneza sisi. Weka maswali manne au matano kwa ukurasa. Wafundisheni pia wasitumie kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari, wala wasifungue jaribio moja kwenye simu na kompyuta kwa pamoja. Mfumo hufuatilia mpangilio wa kurasa, na ukurasa wa zamani ukijaribu kutuma majibu juu ya yaliyokwisha kuhifadhiwa, hukataa na kuonyesha ujumbe wa kosa. Mwanafunzi mwenye hofu ya mtihani akiona ujumbe huo, huamini kila kitu kimepotea.

Kuhusu saa nitasema kidogo, ila ni la kwetu kabisa. Tunatangaza darasani, kwizi ni saa 4 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Mfumo unataka 10:00 mpaka 12:00. Aliyeweka 04:00 mpaka 06:00 amefungua kwizi wakati wanafunzi wamelala na kuifunga jua linachomoza. Mbaya zaidi ni "saa 6 usiku tarehe 15". Kwenye mfumo 00:00 ya tarehe 15 ndiyo mwanzo wa tarehe hiyo, yaani ule usiku wa kuamkia tarehe 15. Mwanafunzi anayetegemea kuifanya jioni ya tarehe 15 atakuta imefungwa tangu jana yake usiku. Andika 23:59, na kwenye tangazo andika saa 5 na dakika 59 usiku. Kwa wanafunzi wetu walio Lubumbashi au Muscat, mfumo huwaonyesha saa kwa kufuata ukanda wa saa uliowekwa kwenye wasifu wao, kwa hiyo tangazo lenu liseme ni saa za Afrika Mashariki. Na kumbukeni kwamba aliyeanza kwizi ya dakika 30 zikiwa zimebaki dakika 10 kabla ya kufungwa, anapata dakika 10 tu.

Nataka nikae zaidi kwenye takwimu, kwa sababu ndiko ninakoona tunaacha hazina. Kwenye matokeo ya kwizi kuna ripoti ya takwimu. Wengi hawajawahi kuibonyeza. Inakupa kwa kila swali mambo mengi, lakini mawili yanatosha kuanzia.

La kwanza ni kiashiria cha wepesi, yaani darasa kwa wastani limepata asilimia ngapi ya alama za swali hilo. Likipata 95 au zaidi, swali ni rahisi mno, au jibu limevuja. Sasa tazameni upande wa chini. Swali lenye chaguzi nne, mtu akibahatisha tu bila kusoma, wastani wake ni asilimia 25. Kwa hiyo swali la namna hiyo lenye wepesi wa asilimia 11 linatuambia jambo la ajabu: darasa limefanya vibaya kuliko ambavyo lingefanya kwa kufumba macho. Uvivu haufiki huko. Darasa kubwa likiwa chini ya kiwango cha kubahatisha, kuna kitu kinawavuta wote kwenye jibu jingine. Aidha kuna dhana potofu waliyonayo wengi, na hapo swali lako limefanya kazi nzuri sana, au jibu ulilolitia tiki wewe wakati wa kutunga siyo.

Utajuaje ni lipi kati ya hayo mawili? Kwa kiashiria cha pili, cha utofautishaji. Hiki hulinganisha alama ya mwanafunzi kwenye swali hilo na alama yake kwenye maswali mengine ya kwizi. Kikiwa chanya na kikubwa, wanaofanya vizuri kwa jumla ndio wanaolipata. Kikiwa karibu na sifuri, swali halimtofautishi aliyesoma na asiyesoma. Kikiwa hasi, wanafunzi bora ndio wanaolikosa na walio nyuma ndio wanaolipata. Wenzangu, ukiona hasi, acha kila kitu ufungue swali hilo. Mara nyingi utakuta tiki iko kwenye C wakati jibu ni D. Au swali lina maneno ambayo mwanafunzi makini anayaona yana utata na mwanafunzi wa juujuu hayaoni. Darasa likiwa na watu kumi na tano, namba hizi huyumba, msizitegemee peke yake. Darasa la mia mbili, ziaminini.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanafunzi watano wasiokaa bweni moja wakilalamikia swali la saba, fungua takwimu za swali la saba kabla ya kuwajibu.

Mengine niyapitie haraka, maana yanaeleweka ukishayaona mara moja. Kwizi ya maswali 20, kila moja alama 1, lakini kiwango cha juu cha kwizi kimebaki 10 kama kilivyokuja: aliyepata 14 ataona 7.00, atakuja kuuliza nusu ya alama zake imekwenda wapi. Kwizi inayoruhusu kujaribu tena swali lile lile hukata theluthi ya alama kwa kila kosa usipobadilisha, ndiyo maana mwanafunzi anaona tiki ya kijani na 0.67. Anayefanya majaribio mawili anaweza kuhesabiwa la juu zaidi, wastani, la kwanza au la mwisho. Mwambieni mapema ni lipi. Kwizi yenye insha haitoi jumla mpaka insha isomwe na mwalimu, na hapo hakuna kilichoharibika, kazi inatusubiri sisi. Na mwanafunzi anayesema aliiona alama ikatoweka, huenda anasema kweli kabisa: mipangilio ya kuonyesha matokeo hutenganisha dakika mbili za kwanza baada ya kuwasilisha na muda unaofuata. Ukiruhusu alama zionekane katika dakika hizo mbili tu, zitafichwa baadaye, hata kwenye daftari la alama.

Daftari la alama lenyewe lina mambo mawili ambayo sitayapita haraka, kwa kuwa yanagusa tathmini endelevu inayokwenda Seneti. Moja ni nafasi zilizo tupu. Mfumo, usipouambia vinginevyo, hauzihesabu. Mwanafunzi aliyefanya kwizi moja kati ya mbili akapata 9 kati ya 10, jumla yake inasomeka asilimia 90. Mwenzake aliyefanya zote mbili akapata 9 na 6, anasomeka asilimia 75. Asiyehudhuria amempita aliyehudhuria. Kwizi zote zikishafungwa, ondoa mpangilio huo au waandikie sifuri wasiofanya bila sababu. Jingine ni alama iliyoandikwa kwa mkono. Ukiingia kwenye daftari ukabadilisha alama ya kwizi kwa mkono, umeifunga. Mfumo huipaka rangi kuonyesha kwamba imebatilishwa, na tangu hapo hata ukisahihisha kwizi upya mara kumi, alama hiyo haisogei. Ndiyo maana nasisitiza tusiwasaidie wanafunzi mmoja mmoja kwa kuandika daftarini. Sahihisha swali, na daftari litajisahihisha.

Hilo linanifikisha kwenye haki. Ukigundua jibu lililotiwa tiki si sahihi, rekebisha swali, rudi kwenye matokeo, uuambie mfumo usahihishe upya. Kuna kusahihisha kwa majaribio, ambako mfumo hukuonyesha nani angepanda na nani angeshuka bila kubadilisha chochote. Tumieni hicho kwanza, kila mara. Mtaona majina. Na hapo swali linaacha kuwa la kompyuta.

Watakaopanda ni wengi, na wengi wao hawakulalamika. Wako wanaodhani mwalimu hakosei. Wako wanaoogopa kuandikwa kichwani. Wako waliokubali sifuri wakaenda kusoma upya kitu walichokuwa wanakijua, wakajifunza kosa. Hao ndio wanaonifanya nisimame hapa. Ukimpa alama mmoja aliyekuja ofisini, ukawaacha hamsini walionyamaza, umewafundisha wote kwamba alama hupatikana kwa kubisha hodi.

Na watakaoshuka? Wapo. Ni wale waliochagua jibu ambalo wewe kwa makosa uliliita sahihi. Kanuni ninayoishauri ni hii. Kama swali lilikuwa wazi na tiki tu ndiyo iliyokosewa, jibu sahihi lihesabiwe na hilo jingine lisihesabiwe, hata kama kuna watakaonung'unika, kwa sababu alama inapaswa kueleza wanachokijua. Kama swali lenyewe lilikuwa na utata, yote mawili yapokelewe. Na kama halirekebishiki kabisa, lipewe uzito wa sifuri na kwizi isahihishwe upya, ili litoke kwenye hesabu kwa kila mtu. Kwa vyovyote, tangazo liwekwe kwenye kozi: swali namba fulani lilikuwa na kosa hili, limerekebishwa hivi, alama zimebadilika tarehe fulani. Mficha uchi hazai. Mwalimu anayerekebisha kimyakimya usiku, wanafunzi wakaamka na alama tofauti, anajenga shaka ambayo hata kwizi kumi zilizo safi hazitaiondoa.

Wawakilishi wa wanafunzi, nanyi nina neno lenu. Malalamiko yanayosaidika ni yale yenye jina la kwizi, namba ya swali, ulichojibu, na muda uliofanya. Picha ya skrini ikiwepo, vizuri zaidi. Kumbukeni kwamba maswali huchanganywa, swali lako la saba huenda ni la kumi na mbili kwa jirani yako, kwa hiyo nakilini maneno ya swali lenyewe. Anayeandika "nimeonewa" bila hayo, mwalimu hana pa kuanzia hata akiwa na moyo mwema.

Baada ya chai tunaingia maabara ya kompyuta. Kila mmoja afungue kwizi yake ya mwisho, aende kwenye ripoti ya takwimu, atafute swali lenye utofautishaji hasi, na kama halipo, lile lenye wepesi wa chini kuliko yote. Alisome kama mwanafunzi anavyolisoma, kwenye simu. Wenzetu wa TEHAMA watakuwa nasi, na watatuonyesha kusahihisha kwa majaribio kwenye nakala ya kozi kabla hatujagusa kozi halisi. Alama za muhula huu bado hazijapelekwa bodi ya mitihani, kwa hiyo chochote tutakachokikuta bado kinarekebishika. Idara ya Kiswahili tuanze nao, wana ng' nyingi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.